Kosa Lifike Mapema

Jina lake nalijua, na Majengo yote ya Thika inalijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sioni sababu ya kuanza leo. Mwanamke huyo tulimwita Mwalimu. Alikuwa ameacha kufundisha hesabu kabla sijamfahamu, ila cheo kilimfuata, kikapanda naye ngazi mpaka juu ya duka la fundi cherehani, mahali alipopanga vyumba viwili akaweka kompyuta mbili, jiko la mafuta ya taa, na mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mbunge na cha mwenye mabasi. Sisi kazi yetu ilikuwa kuandika programu za mashine ndogo za kushika mkononi, zenye skrini ya kijivu na kalamu ya plastiki isiyo na wino. Ukimwonyesha mtu wa Thika, anakuuliza kama inajumlisha. Mama yangu kule Witeithie aliwaambia majirani kwamba natengeneza saa, na nilipojaribu kumsahihisha akasema saa ni kazi nzuri pia.

Mashine zilikuwa za kliniki moja ya Ruiru. Manesi wake walizunguka kambi za wafanyakazi kwenye mashamba ya kahawa, kuanzia Ruiru hadi upande wa Murera na kupanda mpaka Thika, wakiwachanja watoto. Shida ni kwamba mchuma kahawa hakai mahali pamoja. Mtoto anadungwa sindano ya kwanza kambi hii, na siku ya sindano ya pili mama yake ameshahamia shamba jingine, kadi imenyeshewa au imewashiwa moto wa asubuhi, na nesi wa huko hajui aanzie wapi. Mashine yetu ilitakiwa kumkumbuka mtoto huyo popote atakapotokea.

Wakubwa wa kliniki walitupa muda mpaka masika yaishe. Manesi wakizikubali mashine, tungepewa kazi ya kambi zote. Wakizikataa, zingerudi sandukuni. Mwalimu alikuwa ameacha kazi ya serikali yenye pensheni, ameuza kiwanja chake cha Murera, na ndugu zake walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba wasije wakasumbuliwa mambo yakiharibika. Hakuwa na pa kurudi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo majuzi, kifungua mimba wa nyumba yenye midomo mingi, na mshahara alionilipa ndio uliokuwa unatulisha.

"Binti," aliniambia wiki ya kwanza, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini, "hawa manesi wakisema hapana, mimi na wewe tunashuka hii ngazi na hatupandi tena. Kwa hivyo tusipoteze muda kujipendekeza. Tufanye kazi."

Ofisi ilikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni aliijua kabla hajaketi: aliyevunja programu ndiye anayepika chai. Hakuna kuulizana, hakuna kuitisha mkutano. Ukiona kitu ulichoandika kimeangusha mashine, unasimama, unapiga pampu ya jiko, na kila mtu anajua. Fundi cherehani wa chini alikuwa anasikia ile pampu kupitia sakafu ya mbao. Angeacha suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja akapanda na kikombe chake mkononi.

"Leo nani amevunja?" angeuliza mlangoni.

"Mimi," Mwalimu angejibu mara nyingi, na Fundi angemshukuru Mungu kwa sauti.

Ukweli ni kwamba Mwalimu alivunja kuliko mimi, kwa sababu aliandika mengi zaidi na alithubutu zaidi. Na chai yake ilikuwa ya Majengo, yenye tangawizi na iliki, inayokuwasha koo kwa utaratibu. Yangu ilikuwa ya kwetu, maziwa mengi na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na yeye aliinywa kwa subira ya mgonjwa. Fundi hakuficha upande aliokuwa akiuombea.

Ilinichukua muda kuelewa sheria ile ilikuwa ya nini. Baadaye nimefanya kazi mahali ambapo mtu akiharibu kitu anakizungukazunguka siku nzima, anafunga mlango, anatafuta wa kumsingizia. Kwa Mwalimu hapakuwa na faida ya kuficha, maana adhabu yenyewe ilikuwa chai, na chai tunaitaka sote. Alikuwa na msemo wake ambao sijausikia kwa mtu mwingine: "Kosa lifike mapema, linikute nimekaa." Kila kitu alichopanga katika vile vyumba viwili kilitumikia msemo huo.

Aliweka kwenye kompyuta programu ya kuigiza ile mashine ndogo, skrini na vibonye vyake vyote, ili tujaribu kazi pale pale kabla ya kuihamisha. Kisha tunaihamisha kwa kebo, tunaijaribu mkononi. Kisha tunatoka nayo juani, kwenye ngazi ya nje, kwa sababu skrini inayosomeka ndani haisomeki nje saa sita mchana. Kisha ndio inakwenda kwa nesi. Na badiliko lilikuwa moja kwa safari moja. "Ukibadilisha matano kwa mpigo," alisema, "ikianguka utamkamata nani? Watano wote watakana." Jioni tulinakili kazi ya siku kwenye disketi mbili, moja anaenda nayo Majengo, nyingine naenda nayo Witeithie, ikilala ndani ya mkebe wa sukari juu ya kabati la mama. Moto, alisema Mwalimu, hauwezi kuchoma Thika na Witeithie siku moja.

Sasa, nisije nikamfanya malaika. Sheria ya badiliko moja aliivunja yeye mwenyewe kwa ufundi. Mwezi wa Ramadhani, ile saa ya mwisho kabla ya magharibi, njaa ilimtia haraka. Nilimwona siku moja akibadilisha ukurasa mzima wa majina ya watoto, na mpangilio wa tarehe, na ukubwa wa maandishi, akahamisha vyote pamoja akaenda zake kufuturu. Asubuhi mashine haikuwaka kabisa. Alikaa akaitazama, kisha akawasha jiko akatupikia chai, mimi na Fundi. Yeye amefunga, hali wala hanywi. Akaketi kwenye kiti chake anatutazama tukinywa mpaka kikombe cha mwisho, na Fundi, ambaye hakuwa na haya, akaomba ya pili.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Ukiacha disketi karibu na dirisha lenye jua ungeambiwa maneno ambayo ungeyakumbuka mpaka Pasaka. Lakini siku kompyuta moja ilipokufa kabisa, ikatoa moshi, alisema tu "Inna lillahi," akaifunika kwa leso, akasogeza kiti chake kwenye ile nyingine. Aliwadharau watu wanaochelewa, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali saa aliyosema. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, akawa anatembea kwa kuinama upande, na watu wengi wa kliniki walikuwa wameshajitungia hadithi kwamba ni polio, na kwamba ndiyo maana anahangaika na chanjo. Daktari mmoja alimsifu kwa hilo mbele ya wageni. Mwalimu akamwambia alianguka kutoka juu ya mpera akiiba mapera ya jirani, na kwamba alishuka na mapera yote.

Jambo alilolijua kuliko watu wote niliowahi kufanya nao kazi ni kutazama. Tulipompelekea nesi programu mpya, hatukuruhusiwa kumweleza chochote. Unampa mashine, unaweka mikono nyuma, unanyamaza. Mimi hilo lilinitesa. Unamwona mtu anabonyeza mahali pasipobonyezwa, na ulimi unakuwasha, na huwezi kusema "hapo chini." Mwalimu mwenyewe lilimshinda, na ndiyo maana alitembea na karafuu kwenye mkoba. Nesi akishika mashine, yeye anatia karafuu mdomoni anaibana kwa meno. Ukitaka kujua kama programu ni mbaya, hesabu karafuu.

Kwa kutazama hivyo tuligundua kwamba zile kalamu za plastiki zilikuwa zimepotea zote, na manesi walikuwa wakitumia biro za kawaida, skrini zimejaa mistari ya buluu. Mimi nilitaka tuwakataze. Mwalimu alizikusanya mashine, akazifuta kwa spiriti, akapanua vibonye vya kwenye skrini mpaka vikatosha ukucha wa kidole gumba. "Nesi ana mtoto mkono mmoja na sindano mkono wa pili," alisema. "Kalamu ataishika na nini?"

Lakini kilichomkera zaidi ni umbali. Kliniki iko Ruiru, sisi tuko Thika. Tunaandika wiki nzima, Ijumaa tunapeleka, nesi anasema hapana, tunarudi na hapana yetu kuandika wiki nyingine. Masika yanakwenda. Asubuhi moja nilimkuta amefunga kompyuta kwa blanketi, ile iliyobaki, na amepatana na mwenye pikapu anayepeleka kabeji Ruiru. Tulisafiri nayo mbele, imekaa katikati yetu, kichwa kimefunikwa. Pale kizuizini polisi akachungulia dirishani.

"Mgonjwa ana nini?" akauliza.

"Anaharisha makosa, afande," Mwalimu akasema. "Tunamkimbiza kliniki."

Polisi alitupisha. Tangu siku hiyo, mpaka masika yaishe, ofisi yetu, jiko na yote, ikawa stoo ya kliniki, kati ya maboksi ya pamba na mizani mbovu ya kupimia watoto. Nesi akirudi kutoka kambini na lalamiko, tulikuwa tunalirekebisha akiwa bado anakunywa uji, anajaribu tena, anatuambia bado. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki ikaingia ndani ya kikombe kimoja cha uji. Nimesoma mengi tangu wakati ule juu ya namna ya kupanga kazi ya programu, na yote ninayaona ni maelezo marefu ya ile safari ya kabeji.

Siku moja ya mvua, tumekwama stoo, nilimuuliza kwa nini aliacha kufundisha. Nilitegemea atanikatiza. Alizima skrini kwanza.

"Nilikuwa na darasa la kidato cha nne," alisema. "Wasichana wazuri, wenye akili. Kuna mada moja nilijua imeondolewa kwenye mtaala. Nilijua, binti. Sikuuliza mtu. Siku ya mtihani mimi ndiye nasimamia darasa la pili, napita nje ya dirisha lao, naona karatasi imelala pembeni ya meza. Mada ileile. Maswali mawili. Nikawaona wanavyoinua vichwa, mmoja, mwingine, wananitafuta."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilimuuliza walifanyaje.

"Wengine walipita tu. Wengine wasingepita hata hivyo. Yuko mmoja aliyekosa nafasi ya kusoma udaktari kwa kidogo sana, na huyo mimi namjua jina na kwao." Akawasha tena skrini. "Kosa langu lilikaa mwaka mzima bila kuniambia. Likaja kuwaambia wao. Hii mashine nikiikosea asubuhi, inaniambia kabla ya adhuhuri, na anayeumia ni mimi. Sijapata kazi yenye heshima kuliko hii."

 Tangu hapo sikuona tena ile haraka yake kuwa ukali. Nilimpenda kwa hilo, na nasema hivyo kwa sababu wakati ule sikujua kusema.

Masika yakiwa yanakaribia mwisho ndipo tulipoangushwa na redio. Sista Njoki alikuwa nesi mkubwa wa kundi la Murera, mwanamke wa miraba minne, mcheshi, ambaye wenzake walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza daktari. Asubuhi hiyo alichanja kambi nzima, mstari baada ya mstari wa vyumba, kila mtoto ameingizwa kwenye mashine. Saa ya chakula akaketi chini ya ukingo wa paa. Kulikuwa na mtu wa kwao amelazwa hospitali, hali mbaya, na hapakuwa na njia nyingine ya kujua habari ila matangazo ya vifo ya redio ya mchana. Redio yake ndogo betri zilikuwa zimekwisha. Akatoa za mashine, saizi ileile, akasikiliza matangazo mpaka mwisho, jina halikutajwa, akamshukuru Mungu, akazirudisha betri mahali pake.

Mashine zile zilihifadhi kila kitu kwa nguvu ya betri. Ukizitoa kwa muda wa kufumba na kufumbua, hakuna neno. Ukizitoa kwa muda wa matangazo ya vifo, mashine inazaliwa upya, haijui chochote, inakuuliza leo ni tarehe gani. Asubuhi nzima ya watoto ilikuwa imefutika, na programu yetu pamoja nao.

Daktari mkuu wa kliniki alituita sote kwenye varanda. Alikuwa amechoka na mashine zetu kitambo, na sasa alikuwa amepata sababu.

"Nani alitoa betri?" akauliza.

Sista Njoki alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanamke yule mkubwa alikuwa amepungua.

"Kosa ni letu," Mwalimu akasema. "Tuliandika programu isiyojua kwamba nesi ana redio."

"Mwalimu, mimi sitaki mambo ya kuoneana huruma. Kama Sista ameichezea hiyo mashine, nataka kujua."

"Hajaichezea. Amekula chakula cha mchana. Betri ni zilezile, redio iko mfukoni, mgonjwa yuko hospitali. Mtu yeyote angezitoa. Mimi ningezitoa. Nilipaswa kuliona hilo kabla yake, na sikuliona. Nipe mpaka Jumatatu."

Daktari akasema Jumatatu ndiyo ya mwisho. Nilijua, na Mwalimu alijua, kwamba angeweza kumtwika Sista lawama akaokoa sura ya ofisi. Badala yake aliinua mkoba wake akamwambia, "Sista, twende tukawatafute watoto wetu."

Tulirudi kambini mchana huohuo, sisi watatu, matope ya mashamba ya kahawa yakivuta viatu. Mlango kwa mlango. Sista aliwakumbuka wengi, akina mama walitoa kadi, wengine walituonyesha bega la mtoto bado lina pamba. Mwalimu na mguu wake alikuwa nyuma yetu kila mara, na kila mlango alisema maneno yaleyale: "Samahani mama, nimepoteza jina la mtoto wako. Nisaidie tena." Mama mmoja alicheka akamwambia, "Hata mimi nina wengi, huwa nasahau." Giza lilipoingia tulikuwa tumewapata wote isipokuwa mmoja, na huyo Sista alimfuata keshoye mpaka shamba la pili.

"Sasa mimi ningejuaje?" Sista aliniambia njiani, sauti ya chini ili Mwalimu asisikie. "Si hizi ni betri tu kama betri? Aki huyu mama wenu ameniokoa, nilijua leo nafutwa."

Ile Jumamosi na Jumapili tulikaa stoo. Mashine zile zilikuwa na kijicho chekundu cha mwanga kwenye paji la uso, na mbili zikitazamana kwa karibu, moja inaweza kumpa mwenzake kila ilicho nacho. Kwa kuwa manesi walitembea wawili wawili, Mwalimu aliandika ili kabla ya kula mashine zao zitazamane, kila moja ibaki na watoto wa mwenzake na nakala ya programu yenyewe. Ikifutika hii, ile inairudishia. Tulijaribu kwa redio ya Fundi, ambayo tuliifuata Thika na kuiazima kwa sharti kwamba tungeirudisha ikiwa na betri mpya. Tulitoa betri, tukasikiliza taarabu mpaka wimbo ukaisha, tukazirudisha, tukazitazamanisha mashine. Watoto wakarudi wote. Mwalimu alipiga pampu ya jiko ingawa hakuna aliyevunja kitu.

Manesi waliipa desturi ile jina, kusalimiana. Baada ya wiki moja hakuna aliyekula bila kuulizwa na mwenzake, "Mmesalimiana?" Na mkutano wa mwisho wa masika ulipofika, daktari akawauliza kama wanazitaka mashine au wanarudia kadi, wote walimgeukia Sista Njoki. Alijikuna kichwa chini ya kofia.

"Hizi mashine bado ni taabu," akasema. "Mimi sitadanganya. Lakini hawa watu wakikosea, wanakuja wenyewe. Wacha zikae."

Zikakaa. Tukapewa kambi zote. Kwa misimu kadhaa hapakuwa na mtoto wa mchuma kahawa kati ya Ruiru na Thika ambaye angehamishwa shamba asijulikane anakohamia, na hilo ni jambo ambalo mpaka leo nikilisema kifua kinanijaa.

Kisha waliokuwa wakiifadhili kliniki wakaondoka, na wenye kuunda zile mashine wakaacha kuziunda. Nilikwenda nyumbani sikukuu za Desemba. Niliporudi Januari mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli la mtu mwingine. Fundi alipanda ngazi polepole, bila kikombe, akanipa disketi zangu ndani ya mfuko wa nailoni. Alisema Mwalimu amehamia kwa binti yake, hakusema wapi, na hakuacha neno.

Nilipata kazi Nairobi kwa yale aliyonifundisha. Waliniuliza kwenye usaili nafanya nini programu ikivunjika, nikasema napika chai, na baada ya kuwaeleza wakaniajiri. Simu zikaja, zikawa za kila mtu, nami nikaendelea kuziandikia. Leo nina vijana wangu, na wakimpelekea mtu programu ya kujaribu nawaambia waweke mikono nyuma. Hakuna mwaka uliopita bila mimi kumshukuru yule mwanamke peke yangu, nikiwa barabarani, nikiwa najifunika nilale. Lakini kumtafuta sikumtafuta. Kufuli lile liliniuma, na niliona kama likinijibu swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Ni Sista Njoki, mstaafu sasa, aliyenipigia akaniambia Mwalimu yuko Ngoingwa na anauliza habari zangu. Nilikwenda Jumapili, na majani ya chai na sukari kama inavyopasa. Alikuwa amekonda, mguu ule umekataa kabisa bila mkongojo, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alinitaka nimwonyeshe simu yangu, akaizungusha, akaniuliza wanaoitumia wakiwa juani wanaonaje. Tulicheka kuhusu Fundi, aliyekuwa ametangulia mbele ya haki. Alinywa chai niliyompikia, ya kwetu, akamaliza kikombe. Nilipoona jua linashuka nikaanza kuaga.

"Kaa kidogo," akasema. "Wewe nilikukosea wapi?"

"Hukunikosea, Mwalimu. Yote niliyo nayo..."

"Hiyo ni adabu. Nimekuuliza swali la kazi."

Nilitazama sakafu. Nina wajukuu sasa, na nilihisi niko juu ya ile ngazi tena.

"Ulifunga ofisi bila kuniaga," nikasema.

 Binti yake alichungulia kutoka jikoni akarudi.

"Niliona haya," alisema mwishowe. "Nilijua ni mshahara unaolisha nyumba ya mama yako. Nikajiambia nitakutafuta nikipata la kukupa. Nisipate." Akainua mkono kutafuta mkongojo. "Ungeniambia mapema."

"Sikujua uko wapi."

"Kweli. Hilo pia ni langu."

Akasimama. Binti yake alisema mama, daktari amekataza, na akajibiwa kwamba daktari hayupo. Tulitoka getini, tukatembea, yeye akiinama upande wake, hatua fupi, mpaka njia panda ambapo vijana wa bodaboda hungoja. Hapo akaegemeza mkongojo kwenye nguzo ya stima, akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akanyoosha mgongo, sauti ikawa ile ya ofisini.

"Binti," akasema. "Pesa za kliniki zimekwisha. Kuanzia Jumatatu hatuna ofisi. Umefanya kazi nzuri sana, na popote utakapokwenda kuomba kazi, waambie mimi nimesema hivyo."

Vijana wa bodaboda walikuwa wanatutazama. Nilimjibu vile ningemjibu wakati ule.

"Asante, Mwalimu. Na wewe utakwenda wapi?"

"Mimi nitapata," akasema. "Wewe nenda."